UZI: Mackinnon Road, mji mdogo wa reli ambao kila kitu kinaupita

Mtoto wa Landi (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila uzi wa safari ya Mombasa kwenda Nairobi ukifunguliwa humu, Mackinnon Road inapata sentensi moja: "pale penye msikiti kando ya reli." Kisha mazungumzo yanaruka mpaka Voi. Mimi nimekulia kwenye landi za reli (nyumba za wafanyakazi) upande huo, marehemu baba yangu alikuwa kwenye genge la kukarabati njia, na inaniuma kuona mahali palipobeba mambo mazito kiasi hiki panapitwa hivyo. Basi leo nimekaa nikaandika. Ni ndefu, someni kwa nafasi, na mwenye la kuongeza aongeze.

Kwanza mahali penyewe. Ukitoka kisiwani unapanda Mazeras, unapita Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, kisha ndiyo Mackinnon Road, chini kidogo ya kilomita 100 kutoka Mombasa. Mbele yake ni Buchuma, Maungu, halafu Voi. Kiserikali ni wadi katika eneobunge la Kinango, kaunti ya Kwale, lakini mpaka na Taita Taveta uko pale pale na ugomvi wake haujaisha. Nitaurudia.

Mji ni mistari miwili ya maduka na hoteli kando ya lami, stesheni ya zamani, msikiti, shule, zahanati, na nyumba zilizotawanyika ndani ya vichaka vya miiba. Wenyeji wengi ni Waduruma, wapo Wataita, Wakamba, na Wasomali wenye mifugo na maduka.

Sasa jambo ambalo bila kulielewa huwezi kuelewa chochote kuhusu mji huu: maji. Hapo ni katikati ya nyika ya Taru. Vitabu vya Wazungu vinaiita jangwa, ila mchanga mtupu haupo. Ni msitu mkavu wa miiba, udongo mwekundu, mibuyu hapa na pale, na mto wa kudumu hakuna. Mvua ya masika ikigoma, watu wanasubiri vuli, na vuli nayo ikigoma, ng'ombe wanaanza kufa.

Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara ililijua hilo vizuri. Pale Taru kuna mashimo kwenye miamba yanayohifadhi maji ya mvua, yanaitwa ngurunga. Wapagazi walijaza vibuyu hapo, kwa sababu maji yaliyofuata yalikuwa juu ya mlima Maungu, kama kilomita 50 mbele, na katikati hakuna tone. Msafara ulitembea mpaka usiku ili kukwepa jua. Aliyekosa nguvu alibaki njiani. Mackinnon Road ya leo imekaa ndani ya kipande hicho, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingejenga mji. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mji uko hapo, jibu halitokani na ardhi. Linatokana na watu waliokuwa wanaelekea kwingine.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msinikate.

Mtoto wa Landi

Jina. William Mackinnon alikuwa Mskoti, tajiri wa meli, mwenye kampuni ya British India Steam Navigation. Mwaka 1887 alipata kibali kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar kusimamia pwani, na 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ikapewa hati ya kifalme. Kampuni ilitaka njia ya kufika Uganda. Mwaka 1890 walianza kijireli chembamba kutoka upande wa Mombasa, wakakiita kwa jina kubwa, Reli ya Afrika ya Kati. Kilienda kama kilomita 11 kikaishia hapo. Kilichoendelea ni barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, nayo ndiyo ikaitwa barabara ya Mackinnon. Baadaye Kapteni Sclater wa jeshi la Uingereza akaipeleka mbele mpaka upande wa Busia, ndiyo maana vitabu vinaiita Mackinnon–Sclater.

Mackinnon mwenyewe alifariki 1893. Kampuni ikafilisika, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Reli kubwa ilipopita hapo, stesheni ikapewa jina la barabara ile. Mtu huyo hakuwahi kuishi hapo, na aliyepaita hivyo alikuwa anafikiria barabara. Wajukuu wa Waduruma leo wanaandika jina hilo kwenye vyeti vya kuzaliwa.

Reli sasa. Chuma cha kwanza kililazwa Mombasa Mei 1896, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Upana wa njia ni mita moja, kipimo kile kile cha reli nyingi za India, na hiyo ilirahisisha kuleta injini, vifaa na mafundi kutoka huko. Katika miaka ile ya ujenzi waliletwa Wahindi karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab, wakipakiwa melini Karachi. Karibu 2,500 walikufa. Afadhali tuitaje hesabu hiyo polepole kuliko tunavyotaja simba wa Tsavo.

Walifika nyika ya Taru mwaka 1897. Mbele kulikuwa na ukuta wa miiba uliokatwa kwa mapanga na mashoka. Mbung'o waliua punda, ng'ombe na ngamia wa mizigo, wengi mno. Maji yaliletwa kwa treni kutoka nyuma, na treni ikichelewa, maelfu ya watu wanangoja na ndimi zimekauka. Mwisho wa mwaka huo walikuwa wanaikaribia Voi. Mei 1899 wakafika Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kinamasi, na Desemba 1901 wakagusa ziwa pale Kisumu.

Angalieni tofauti: Nairobi ilikuwa kituo cha reli kama Mackinnon Road. Kule kulikuwa na mto, hewa baridi, na ardhi tambarare kabla ya mlima. Huku kulikuwa na miiba. Maji yaliamua.

Bibi wa Mazeras

Mwanangu, ahsante kwa kuandika. Ila umetaja simba halafu ukawaacha. Mimi siku zote naambiwa wale simba waliokula Wahindi walikuwa Mackinnon, na ndiyo maana yule walii akazikwa pale. Tueleze vizuri.

Mtoto wa Landi

Shikamoo bibi. Wale simba wawili waliovuma walikuwa kwenye daraja la mto Tsavo, mbele ya Voi, mwaka 1898, na Patterson, mhandisi wa daraja lile, aliwaua Desemba mwaka huo huo. Hapo ni mbali na Mackinnon Road. Simba wengine walikuwepo nyika nzima bila shaka, lakini kisa kile si cha kwetu.

Walii ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiyo moyo wa mji. Aliitwa Sayyid Baghali Shah. Wasafiri wengi wanamjua kama Pir Padree. Alitoka Bara Hindi kuja kufanya kazi ya reli, pamoja na wale vibarua na waashi. Kaburi lake liko kando ya njia ya reli, na msikiti umejengwa pamoja nalo.

Wazee wanasimulia hivi. Wenzake walikuwa wanabeba zege kwenye karai kichwani, jua kali, shingo zinauma. Wakamtazama Baghali Shah, wakaona karai lake halijagusa kichwa. Linaelea juu yake, naye anatembea chini yake na kazi yake anaifanya. Wanasimulia pia kwamba simba walikuwa wanamsogelea kwa upole. Mimi siandiki haya ili mtu ayapime kwa rula. Naandika kwa sababu ndivyo vibarua walivyomkumbuka mwenzao, na katika watu wote walioijenga reli ile, mamia ya kilomita, huyu mfanyakazi wa mikono ndiye ambaye kaburi lake linasimamisha magari mpaka leo. Whitehouse hasimamishi gari la mtu.

Na wanaosimama si Waislamu peke yao. Nimewaona Mabaniani wakishuka na maua, nimeona madereva Wakristo wa matrela wakitia sadaka kwenye sanduku kabla ya kuendelea. Ukifika unavua viatu, unaingia kwa heshima, unaomba, na ukibahatika unakuta chakula. Zamani ilikuwa desturi dereva wa treni akipita hapo apunguze mwendo. Baba alikuwa anasema hakuna aliyehitaji kuandikiwa kwenye ratiba.

Dereva Mstaafu

Hilo nathibitisha. Nimeendesha trela la mizigo barabara ile miaka mingi, kwenda Malaba na kurudi. Kwa utingo mpya, kitu cha kwanza kufundishwa kilikuwa kusimama pale. Barabara ile inaua. Ni ndefu, imenyooka, joto linakulaza, na usiku tembo anatoka Tsavo unamuona akiwa mbele ya bampa. Mtu akisimama dakika kumi akaomba, akanawa uso, akanywa chai, hata asiyeamini walii ameokoka kwa ule mapumziko. Nasema kwa heshima kabisa, na mimi mwenyewe naamini.

Kahe Jankisheni

Mkuu, hongera sana kwa uzi huu. Mimi niko Moshi vijijini, Tanzania. Nilitaka kukumbusha tu kwamba reli yenu na yetu zilikuwa ndugu. Tawi la kutoka Voi kwenda Taveta lilijengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915 kwenye vita na Wajerumani, na 1916 likasogezwa mpaka Kahe, likaunganishwa na reli ya Tanga–Moshi. Wazee wetu walipanda treni Kahe wakashuka Mombasa. Je, watu wa Mackinnon Road waliliona hilo? Na mji ulikuwaje enzi za mvuke?

Mtoto wa Landi

Ndugu wa Kahe, karibu sana. Ndiyo, abiria wa Moshi walipita kwetu. Njia yote hii, Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa shirika moja tangu 1948, East African Railways and Harbours, na tulilipoteza Jumuiya ilipovunjika 1977. Vijana wengi hawajui kwamba mfanyakazi wa reli aliweza kuhamishwa kutoka Tabora kwenda Voi, na watoto wake wakabadilisha shule tu. Kwenye landi yetu walikuwepo Waluo, Wakamba, Waganda, Wanyamwezi. Kiswahili cha landi kilikuwa cha kila mtu.

Enzi za mvuke, mji mdogo ulikuwa na maana kwa sababu ya ufundi wenyewe. Njia ilikuwa moja. Treni mbili zikikabiliana, lazima moja iingie njia ya pembeni stesheni ingojee. Stesheni masta anaongea na stesheni inayofuata, anapewa ruhusa, ndipo treni inaondoka. Kwa hiyo huwezi kuwa na Mombasa na Voi peke yake. Unahitaji stesheni kila baada ya mwendo fulani, na kila stesheni inahitaji masta, wafunguaji wa njia, genge la kukaza mataruma na kujaza kokoto, na nyumba za kuwaweka. Watu hao wanahitaji duka. Duka linahitaji mwenye duka. Mji huzaliwa hivyo.

Miaka ya 1955 na 1956 ziliingia injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock pale Manchester. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja iliyozizidi ukubwa duniani. Zaidi ya tani 250. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa au kuni. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mpaka kufikia 1980 dizeli ikawa imezimaliza. Mbili zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Mwenye watoto awapeleke wakazione. Mimi nikisimama chini ya magurudumu yale nanyamaza.

Dizeli ilipokuja, injini haikuhitaji maji kila mara. Treni zikawa ndefu, zikawa chache. Stesheni ndogo zikaanza kupungukiwa watu. Haikutangazwa siku moja kwamba mji umeachwa. Masta alistaafu, hakuletwa mwingine. Nyumba ya genge ikang'olewa mabati.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Mtoto wa Landi, umefika 1980 lakini umeruka jambo zito kuliko yote, na naamini umelifanya makusudi ili uliandike peke yake. Tafadhali usituache. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanajua kambi za kizuizini za Manyani na Hola. Mackinnon Road hawaijui.

Mtoto wa Landi

Mwalimu, ni kweli, nimeliweka lake.

Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wanaondoka India, na Misri na Palestina walishaona hawatakaa. Wakahitaji mahali pa kuweka zana za jeshi kwa ajili ya upande huu wa dunia. Wakachagua Mackinnon Road. Sababu ziko wazi ukitazama ramani: reli ipo, bandari ya Kilindini iko karibu, ardhi ni tambarare na wakazi ni wachache, na ukavu ule ule uliowatesa wapagazi unasaidia chuma kisishike kutu. Wakajenga mabohari makubwa, barabara za ndani, kiwanja cha ndege. Maelfu ya vibarua wakaja. Kwa kipindi kifupi mahali pale palikuwa na pilika ambazo hapajawahi kuziona kabla wala baada. Kisha mipango ya London ikabadilika, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mradi ukawa umeachwa. Majengo yakabaki.

Kwa sababu ya vita vya Mau Mau, hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi walizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa, wakakalishwa chini, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yaliyotobolewa macho. Anayetingishiwa kichwa anapelekwa huku, asiyetingishiwa anapelekwa kule. Waliokamatwa na kuwekwa kizuizini walifika karibu 24,000. Kambi zilizoandaliwa kuwapokea zilikuwa Lang'ata, Manyani, na Mackinnon Road.

Waliletwa kwa reli. Reli hii hii. Watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu, wa mlimani wenye kuzoea ubaridi na mito, wakashushwa kwenye joto la Taru na kuwekwa katika mabohari yaliyojengwa kwa ajili ya silaha na vipuri, nyuma ya seng'enge. Hawakufikishwa mahakamani. Karatasi ya gavana ilitosha.

Kwa nini hapo? Kwa sababu zile zile za bohari. Na moja zaidi: mtu akitoroka, aende wapi? Kilomita 50 bila maji, simba, na wenyeji wasiojua lugha yake. Nyika ilifanywa ukuta wa jela.

Manyani leo ni gereza, na iko kwenye mazungumzo ya watu. Hola inakumbukwa kwa wafungwa 11 waliouawa kwa kipigo Machi 1959. Mackinnon Road imekosa hata kibao. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba watu waliteswa katika miaka ile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Nilisikiliza habari ile redioni nikasubiri kama jina la mji wetu litatajwa.

Ninachotaka, na nakiandika hapa wazi: pawekwe alama pale. Si jumba la kifahari. Jiwe lenye maneno, karibu na stesheni, ili mtoto wa shule ya Mackinnon Road ajue kwamba watu walishushwa hapa wakiwa wamefungwa pingu, na mtalii anayesimama kwa walii ajue pia.

Wanja Thika

Nimesoma nikalia. Guka (babu) wangu alichukuliwa Nairobi kwenye Anvil, alikuwa anauza mboga. Nyumbani tulikuwa tunasikia neno "Makinoni" akilitamka, tukadhani ni jina la Mzungu aliyemtesa. Hakupenda kueleza. Alichokuwa anarudia ni kiu. Mpaka anazeeka alikuwa hawezi kuona mtu anamwaga maji aliyonawia bila kukemea. Leo ndiyo nimejua kwamba ni mahali. Nitaenda.

Mtoto wa Landi

Dada Wanja, pole sana, na ahsante kwa kutuamini na habari ya guka. Ukiwa tayari kwenda nijulishe humu, wapo wazee wa kukupokea. Na tafadhali andika kila ulichosikia kwake, hata kama ni nusu sentensi. Yeyote mwenye mzee aliyepitia kambi ile afanye hivyo hivyo, waliobaki ni wachache.

Kijana wa Mariakani

Mzee, uzi mtamu. Nina maswali mawili. Umesema maji hakuna, lakini mimi nimeona mabomba pale. Na hii SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi, imeusaidia mji au vipi?

Mtoto wa Landi

Maswali mazuri, na yanaenda pamoja.

Maji ya bomba yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini, inaibuka Mzima ikiwa safi. Bomba la kuyaleta Mombasa lilikamilika 1957, lenye urefu wa kama kilomita 220, nayo maji yanateremka yenyewe. Linapita Voi, Maungu, kwetu, Samburu, Mariakani. Hebu fikirini: kwa mara ya kwanza maji mengi yalipita kwenye nyika ya Taru, lakini yalikuwa yanakwenda kisiwani. Mji uliruhusiwa kunywa kidogo njiani. Ikitokea upungufu, mgao unabana huku kwanza, akina mama wanatoka na mitungi na punda.

Mwaka 1978 likaja bomba la mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kituo cha kusukuma kiliwekwa Maungu, na baadaye kingine Samburu. Sisi tuko katikati, mafuta yanapita chini ya miguu yetu.

Kisha SGR. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Ni njia pana zaidi, milimita 1,435, karibu kilomita 472 mpaka Nairobi, na safari imeshuka mpaka kama saa tano. Treni ya abiria ya njia ya zamani, ile ya usiku, ilikoma mwaka huo huo. Vituo vya SGR kabla ya Voi ni Mariakani na Miasenyi. Mackinnon Road haimo. Tuta lake linapita, tunaiona treni, watoto wanapunga mkono.

Sitasema SGR ni mbaya. Mgonjwa anayetoka Voi kwenda Mombasa amepata nafuu kubwa, na mizigo mingi imetoka barabarani. Lakini kwa mji unaoishi kwa anayesimama, kila chombo kipya kimepunguza wanaosimama. Mizigo ya kontena iliposukumwa kwenda kwa treni, mama ntilie wa barabarani aliona tofauti kwenye sufuria yake kabla ya mtu yeyote kuandika ripoti. Waliobaki wanaishi kwa matrela yaliyopo, mbuzi na ng'ombe, mahindi yanapokubali, na mkaa. Mkaa unanisikitisha, maana miti ya nyika inachukua miaka mingi kurudi, lakini sitamlaumu mama mwenye watoto wanne ambaye hana kingine cha kuweka barabarani. Kinachoweza kuwatoa kwenye mkaa ni maji ya uhakika na soko la mifugo la kudumu, na vyote viwili vinawezekana kwa kuwa bomba na barabara tayari vipo.

Mwatate Juu

Naomba kuchangia kuhusu mpaka. Sisi Wataita tunasema mji ule ni wetu tangu zamani. Usiandike kama jambo limekwisha.

Mtoto wa Landi

Ndugu yangu, nimeandika mwanzoni kwamba halijaisha. Kwenye uchaguzi na kwenye mpangilio wa wadi, Mackinnon Road iko Kinango, Kwale. Taita Taveta wana madai yao, na tangu serikali za kaunti zianze 2013 moto umeongezeka kwa sababu ada za soko na leseni za biashara sasa zinaingia kaunti. Mwenye duka anaweza kujikuta anadaiwa na pande mbili. Maoni yangu: Waduruma na Wataita wamelisha mifugo kwenye nyika ile kabla ya mistari ya Waingereza, na walioichora mistari walikuwa wanatazama reli. Suala liende kwa tume na ramani, wafanyabiashara waachwe wafanye kazi. Hapa kwenye uzi tusigombane, tafadhali.

Dereva Mstaafu

Kweli kabisa. Na mimi naunga mkono lile jiwe. Madereva tunaweza kuchanga.

Kahe Jankisheni

Na mimi nimo kwenye mchango, ingawa niko ng'ambo ya mpaka. Sasa mkuu, mtu akitaka kuja kupaona afanyeje?

Mtoto wa Landi

Ukitoka Mombasa panda matatu za Voi, mwambie kondakta akushushe Mackinnon. Ukitoka kwenu Moshi, pita Holili na Taveta mpaka Voi, kisha chukua gari la kushuka pwani. Anayependa treni apande ile ya SGR inayosimama vituo vyote, ashuke Miasenyi, kisha atafute gari la kurudi upande wetu. Beba maji. Vaa nguo ya heshima kwa ajili ya msikitini, na wanawake wawe na mtandio. Fika asubuhi, kabla jua halijakaza. Anzia kwa walii, kisha uliza stesheni ya zamani, ni hatua chache tu kutoka hapo, na ukikuta wazee wamekaa kwenye kivuli wasalimie, ukae nao. Maswali ya kambi waulize wao kabla ya kuniuliza mimi.

Dada Wanja, mwalimu, dereva: mambo ya jiwe nitayafungulia uzi wake, tuanze kwa kuandika barua kwa kaunti na kwa makumbusho ya taifa. Mwenye uzoefu wa barua za namna hiyo ajitokeze.